Jahazi moja, ndoto mbili

Daktari wa Uswisi Carl Jung, mmoja wa mabingwa wa saikolojia ya kina, alifundisha kwamba binadamu wote wamerithi taswira za asili zilizojificha ndani ya nafsi: mama, mzee mwenye hekima, safari, bahari. Taswira hizo, kwa maoni yake, hujitokeza katika ndoto na ngano za kila kabila duniani. Wapo waliozifanya kama kamusi: bahari maana yake hii, chombo maana yake ile.

Sisi tunasema fikra hiyo yafaa itazamwe upya, na ushahidi aliuleta Jung mwenyewe. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda hadi Mlima Elgon. Huko mganga mmoja mzee alimweleza kwa huzuni kuwa zamani waganga waliota ndoto zilizowapa habari za vita na maradhi, lakini tangu kuja Wazungu ndoto zimekatika, kwani Mwingereza ndiye ajuaye kila kitu. Kumbe utawala wa kigeni huweza kuingia mpaka usingizini!

Tuje hapa Muscat. Katika kipilefti cha Al Bustan liliwekwa jahazi la Sohar, lililoshonwa kwa kamba bila ya misumari na kusafiri mpaka China mwaka 1980 na 1981. Kwa Muomani, jahazi ni fahari ya wazee wake. Kwa aliyeikimbia Zanzibar kwa njia ya bahari baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ni machozi na nyumba aliyoiacha. Na kwa yule ambaye mabibi zake waliuzwa Mkunazini kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873, chombo hicho hicho ni minyororo. Alama ni moja. Kinachoipa uchungu au furaha ni historia.

Tatizo letu, Waswahili wa huku na wa nyumbani, ni kuwa kila mmoja huisimulia ndoto yake na kuikanusha ya mwenzake. Anayelilia 1964 hataki kusikia habari za Mkunazini. Anayetaja Mkunazini humtaka mwenzake anyamaze kuhusu 1964. Na wengi wetu tuna damu ya pande zote mbili! Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hatukatai kwamba binadamu tuna mengi ya pamoja. Lakini kabla ya kumfasiria mtu alama yake, iwe hospitalini, barazani au katika siasa, kwanza na aulizwe: katika jahazi hilo wazee wako walikuwa wapi, juu ya sitaha au ndani ya ngama?