Binti Yetu, Skuta na Barabara ya Thika



Wiki hii twazungumza na wazazi ambao mabinti zao wametoka Mombasa, Malindi au Lamu wakaenda bara kwa masomo au kazi. Miongoni mwao yumo mpwa wetu, muuguzi mjini Ruiru, aliyepanga chumba Kahawa Wendani, mtaa ulio kando ya barabara kuu ya Thika, si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jina la mtaa ni la kinywaji chetu cha barazani, lakini mwendo wa huko si wa barazani.

Binti huyo alitupigia simu kutueleza kwamba ameweka akiba na ataka kununua skuta ya ukubwa wa wastani, yenye injini ya sentimita za ujazo 150. Nyumba ikagawanyika. Bibi yake alisema ni aibu mtoto wa kike kuonekana juu ya pikipiki. Wengine walisema barabara ile yaua. Sisi nasi, twakiri, tulisimama upande wa waliokataa, na hoja zetu zilikuwa mbili: stara na usalama.

Akatuuliza kwa adabu, "Wazee wangu, mwajua sasa hivi nafikaje kazini?"

Hatukujua. Akatueleza kwamba zamu yake huanza asubuhi mapema, naye hutoka kungali giza. Hupanda bodaboda hadi stejini, nyuma ya mwanamume asiyemjua, buibui limekunjwa magotini, kichwa hakina kofia ngumu. Kisha hubanana ndani ya matatu hadi Ruiru, na huko hupanda bodaboda nyingine. Jioni hurudi vivyo hivyo, na mvua ikinyesha nauli hupanda.

Tulinyamaza. Tulikuwa tumekataa chombo ambacho angekaa peke yake, amejisitiri, na tumeridhia kingine ambacho humgusanisha na ajinabi mara nne kwa siku. Stara tuliyodai kuilinda ilikuwa imekwisha kupotea, nasi hatukuuliza.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Wake wa zama za Mtume (S.A.W.) walipanda ngamia. Unguja, mama aliyevaa buibui juu ya vespa amwahi mtoto chuoni hamshangazi mtu. Vespa yenyewe ilipotoka kiwandani Italia mwaka 1946, mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, aliiacha wazi mbele ya kiti ili mpandaji apitishe miguu bila ya kuitanua juu ya injini, na mwenye sketi apande kwa heshima yake. Skuta nyingi za leo zimerithi umbo hilo.

Ikabaki hoja ya usalama, na hii haifutiki kwa maneno. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwezi wa Novemba 2012, ina njia za katikati za magari ya kasi na, katika sehemu nyingi, barabara za pembeni za magari ya mitaani. Hizo ni dunia mbili. Barabara za ndani ya Wendani na zile za pembeni zaifaa skuta, maadamu mpandaji ajihadhari na matatu inayosimama ghafla, na bodaboda ijayo kinyume. Njia za katikati ni jambo jingine. Skuta ya kiasi hicho yaweza kufika kilomita 80 kwa saa na kuzidi kidogo, lakini hapo imetoa karibu nguvu zake zote, wala haina akiba ya kumkwepa dereva wa lori asiyetazama kioo. Na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne.

Mpwa wetu alilijua hilo kwa kuonja. Katika wiki ya kwanza aliingia njia za katikati ili awahi. Basi likampita kwa kasi, upepo wake ukamsukuma pembeni, kisha ukamvuta kurudi. Hakuanguka, alhamdulillahi. Alitoka njia ya kwanza aliyoiona, akasimama mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Tangu siku hiyo, ni barabara za pembeni, hata zikimchelewesha. Na Barabara ya Expressway ya Nairobi hairuhusu kabisa vyombo vya magurudumu mawili.

Magurudumu ya skuta ni madogo kuliko ya pikipiki, kwa hiyo shimo dogo kwa bodaboda ni shimo kubwa kwake. Baada ya mvua, dimbwi lisipitwe bila ya kujua kina chake. Upepo wa matairi upimwe kila wiki, na breki zote mbili zishikwe pamoja, taratibu.

Kuhusu mavazi, hapa mama wasikilize vyema. Nguo inayopepea ni hatari kwa mpandaji na kwa abiria, kwani gurudumu likikamata ncha ya buibui halisubiri mtu kuvua. Ivaliwe suruali pana chini, na juu yake koti refu lililofungwa vifungo, lisilofika kwenye gurudumu. Mtandio uwe mfupi, uingizwe ndani ya koti, na chini ya kofia ngumu ivaliwe kofia nyembamba ya kitambaa isiyo na pini. Avaaye nikabu ahakikishe haimzibi macho ya pembeni, na usiku kioo cha kofia kisiwe cheusi.

Sheria ya Kenya yataka kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Mpandaji awe na leseni ya pikipiki na bima. Leseni ya gari haitoshi, wala kufundishwa na kaka uwanjani kwa siku mbili hakutoshi.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini kichwa kina kinga. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki waliopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mwenye kutawakali humfunga ngamia wake kwanza, na kamba ya kofia ikiachwa wazi, ngamia hajafungwa.

Wazazi wenzetu, hatusemi kila binti anunue skuta. Twasema kabla ya kumkataza, muulizeni hivi sasa asafiri vipi, kwa saa gani, na nyuma ya nani. Kisha pimeni. Na mkiridhia, msiridhie nusu: lipieni mafunzo kabla ya rangi ya chombo.

Nyumbani kwetu tumekubaliana mambo mawili. Asome dua ya kupanda chombo kabla ya kuwasha, na sisi tusimpigie simu saa za safari yake, bali tungoje atuarifu kwamba amefika. Ama kofia ngumu, iliyo bora kuliko zote dukani, ilinunuliwa na bibi yake, yule aliyesema ni aibu.

Wabillahi tawfiq.