Wanawake katika Bomba la Mafuta: Idadi Pekee Haitoshi

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani mkoani Tanga. Kati ya hizo, kilomita 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane. Kila mradi huo unapojadiliwa huulizwa wanawake wangapi wameajiriwa. Swali hilo ni la haki, ila lenye uzito zaidi ni iwapo mwanamke huyo ataweza kubaki kazini baada ya kujifungua, na baada ya ujenzi kukamilika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku. Kwa karani wa mjini, saa hizo zina manufaa. Kwa mchomeleaji anayeishi kambini, mtoto akiwa kwa bibi yake mkoa mwingine, hazimsaidii. Kazi ya bomba husonga kipande kwa kipande, na kambi huwa mbali na makazi ya wengi. Kwa hiyo, kumhamishia mama kwa muda kituo kilicho karibu na familia yake ni jambo la kuandikwa katika mkataba, lisiachwe kwenye huruma ya msimamizi.

Ujenzi huhitaji watu wengi, uendeshaji huhitaji wachache wenye ujuzi. Mpishi wa kambi na mwongoza magari huondoka mtaro ukishafukiwa. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na lazima yapashwe joto njiani yasigande. Hivyo vituo vinne vya kusukuma mafuta upande wa Tanzania, pamoja na matangi ya Chongoleani, vitahitaji mafundi wa umeme, mitambo na vipimo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inawataka wawekezaji kuajiri na kuwafunza Watanzania, na mafunzo hayo hayawezi kusubiri mafuta yaanze kutiririka.

Katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, mabomba hufunikwa kwa tabaka la kuhifadhi joto. Bomba la mwisho likitoka, kazi ya mradi hapo itakuwa imekwisha. VETA ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na mafundi wa kike wanaweza kuutumia kabla mikataba yao haijafikia ukomo.