Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye
Wenzangu wa sayansi wanashangilia dawa za kubomoa protini, ambazo nyingi bado zinajaribiwa. Wazo ni zuri: molekuli moja hunasa EGFR, protini inayochochea uvimbe wa pafu, hata pale mabadiliko ya C797S yanapoishinda osimertinibu, kisha huiita seli yenyewe iisage. Lakini mvuvi wa Port Bell akikohoa, hudhaniwa ana kifua kikuu. Miezi hupita, saratani husambaa. Nani atajua protini yake ni ipi? Dawa isiyojua adui yake haimponyi mtu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo Mulago tangu 1967. Serikali igharamie kipimo cha jeni kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu, ndipo tushangilie.