Uchambuzi: Mashindano ya Tahajia Yamfikie Kila Mwanafunzi

Mashindano ya kitaifa ya tahajia, ambamo wanafunzi huendeleza maneno herufi kwa herufi, yalianza nchini Marekani mwaka 1925. Mshindi wa kwanza, Frank Neuhauser, mwenye umri wa miaka 11, aliibuka kidedea jijini Washington kwa neno "gladiolus". Mwaka huohuo, mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulijadili haja ya kusanifisha tahajia ya Kiswahili. Mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi.

Matukio hayo yalijibu mahitaji tofauti. Katika Kiingereza, matamshi ya neno hayaoneshi kila mara namna linavyoandikwa. Ugumu huo ndio uhai wa mashindano. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Neno "Makambako" halina mtego kwa mtoto anayezijua silabi zake. Hata "Wanging'ombe", jina la wilaya jirani mkoani Njombe, lina kanuni iliyo wazi: "ng" ya kwanza ni ile ya "ngoma", na ya pili, yenye ritifaa, ni ile ya "ng'ombe".

Kwa sababu hiyo, mashindano ya Kiswahili yanayotafuta maneno adimu pekee yatakuwa na tija ndogo. Makosa mengi huzaliwa pale matamshi ya mazoea yanapoachana na matamshi sanifu. Anayechanganya "r" na "l" huandika "kula" akikusudia "kura", au "mahali" akikusudia "mahari". Asiyetofautisha "th" na "s" hugeuza "thamani" kuwa "samani". Wengine hutatizwa na mipaka ya maneno: "kwa hiyo" ni maneno mawili, "isipokuwa" ni neno moja.

Kipimo kinachofaa zaidi ni imla. Mji wa Makambako, ulio katika njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na barabara iendayo Njombe na Songea, na wenye stesheni ya TAZARA, hukutanisha familia kutoka sehemu nyingi. Darasa lenye lafudhi mbalimbali huhitaji zoezi linalomfundisha kila mtoto kusikiliza, kutamka na kuandika kwa usahihi bila kuidharau lugha ya nyumbani kwao.

Umuhimu wa jambo hili hauishii kwenye alama za mtihani. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka wasailiwa ambao majina yao yanatofautiana katika nyaraka kuwa na uthibitisho wa kisheria wa majina hayo. Herufi moja iliyokosewa wakati wa kumwandikisha mtoto Darasa la Kwanza inaweza kumgharimu muda na fedha miaka mingi baadaye.

Muundo wa kuendeshea mashindano ya aina hii upo. UMITASHUMTA, ambayo jina lake linabeba michezo na taaluma kwa pamoja, huwakutanisha wanafunzi wa shule za msingi hadi ngazi ya taifa. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Shule ikimwandaa mwanafunzi mmoja hodari na kuwaacha wenzake, itapata kombe huku darasa likibaki na makosa yaleyale. Ni vyema ushindi wa shule upimwe kwa wastani wa darasa zima na kwa maendeleo ya wanafunzi waliokuwa nyuma, sambamba na lengo la stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika madarasa ya awali.

Mwalimu hahitaji kusubiri kombe ili kuanza: maneno kumi ya imla kila wiki, yakisahihishwa mbele ya darasa, yanatosha. Wazazi na walezi, kwa upande wao, wanashauriwa kulinganisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na lile lililoandikwa katika rejista ya shule, herufi kwa herufi, mapema mtoto anapoandikishwa.