Nimwendee Nani?



Nataka kusema na makarani wenzangu. Siku hizi yazungumzwa sana habari za madaraka ya mikoani na haki za wafanyakazi, na kila chama cha siasa chasema chake, nasi tuliokaa mezani twasikiliza kimya kama kwamba jambo hili ni la watu wengine. Si la wengine, Mabwana. Ni letu.

Mimi ni karani hapa Kasesya, mpakani mwa Ufipa na nchi ya Zambia. Mwaka 2017, Serikali ilipokataza mahindi kutoka nje ya nchi, mzee mmoja alinijia kofia mkononi, akanisalimu kwa adabu kuliko nilivyostahili kwa umri wangu, akasema: "Mwanangu, mahindi nimelima mwenyewe. Ng'ambo wapo wanunuzi, nyumbani hayana bei. Amri hii imetungwa wapi? Nimwendee nani nimweleze?" Nikamjibu jibu ambalo sote twalijua: "Mzee, amri imetoka juu." Akainua macho akatazama bati la nyumba, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Hakunitukana, wala hakugombana. Lakini sijapata kuona haya kama siku ile, maana niliona wazi kwamba na mimi, mwenye kalamu na muhuri, sikujua aende kwa nani.

Basi swali la mzee yule ndilo nitakalouliza leo juu ya TANU na mrithi wake CCM, chama kilichojiita cha wakulima na wafanyakazi, kikabeba jembe na nyundo kuwa alama yake. Mtu asidhani kwamba nampigia yeyote kampeni. Mtumishi wa Serikali hana ruhusa ya kufanya hivyo kazini, wala sina haja. Nataka kuonyesha neno moja tu: kwamba chama hicho, kwa nia nzuri na kwa maneno mazuri, kilileta madaraka karibu na watu, na papo hapo kikafunga milango mitatu ambayo watu wangeingilia kuyafikia.

Mlango wa kwanza ulikuwa wetu sisi watu wa mshahara. Hapana chama cha siasa kilichokuwa na deni kwetu kama TANU. Ndugu Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, kabla ya watu wengi kuthubutu kukusanyika. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli hata bara. Mzee Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, kisha mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi, yaani TFL. Naye Kawawa alitenda hayo huku mtumishi wa Serikali akiwa amekatazwa tangu mwaka 1953 asijiunge na siasa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, shukrani ilikuwa nini? Mwaka 1962 ilitungwa sharia iliyozuia migomo karibu yote, na nyingine iliyowakataza watumishi wa mishahara ya juu kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Januari 1964 askari walipoasi, viongozi wengi wa wafanyakazi walitiwa kizuizini, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa. Mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, tena yeye mwenyewe alikuwa Waziri wa Kazi. Ada ilikatwa katika mshahara kabla mtu hajaushika. Fikirini, Mabwana: mfanyakazi mwenye malalamiko juu ya Serikali alipaswa kumpelekea Katibu wa chama chake, naye Katibu huyo akivuka chumba alikuwa ndiye Serikali.

Walioitetea sharia hiyo walikuwa na hoja tamu. Walisema: chama ni cha wafanyakazi, na Serikali ni ya chama, basi mfanyakazi akigoma amgomee nani, ajigomee mwenyewe? Nami nawajibu: ukiniambia nyumba ni yangu, nionyeshe ufunguo. Mtu asiye na ufunguo ni mgeni, hata akiitwa mwenye nyumba kila siku asubuhi na jioni.

Wafanyakazi wenyewe waliiamini hoja ile kuliko walioitunga, na hapo ndipo ilipojulikana ukweli wake. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na fungu lake la 15 lilikataza kiongozi kuwa na kiburi, anasa, dharau na uonevu. Watu walisoma, wakaelewa. Toka mwaka 1971 mpaka 1973 kazi zilisimama katika viwanda vingi, tena mara nyingi si kwa kudai senti, bali kwa kukataa kutukanwa na meneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea na kazi wenyewe. Chama kilichoandika Mwongozo kiliwatazama watu waliousoma, kikashtuka. Katika viwanda vingine polisi waliitwa, na waliogoma wakafukuzwa kazi. Naam, neno lilikuwa la wafanyakazi, lakini tafsiri yake haikuwa yao.

Mlango wa pili ulikuwa wa wilaya. Hapa sharti niseme haki kwanza, maana asiyemsifu mtu kwa wema wake hana haki ya kumlaumu kwa kosa lake. Mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ulioanza tarehe 1 Julai 1972, ulikuwa na sababu ya kweli. Mambo yote yalikuwa yakiamuliwa Dar es Salaam, na karatasi ya daraja la Ufipa ilisafiri mwendo mrefu kuliko mtu anayelingoja daraja. Mwaka 1974 tukapata mkoa wetu wa Rukwa, ambapo zamani Sumbawanga ilikuwa chini ya Mbeya. Na katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliponunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mkulima wa Ufipa, aliye mbali na reli na bahari, alipata bei sawa na aliye karibu na soko. Kwa hiyo mkoa huu ulisimama pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa ghala la Taifa. Hayo ni mema, na aliyeyatenda ni chama kile kile ninachokilaumu.

Lakini tazameni jinsi mpango wenyewe ulivyojengwa. Chama cha Ujamaa kilikwenda kuomba ramani kwa McKinsey, kampuni ya Kimarekani yenye kazi ya kuwashauri mabwana wa makampuni makubwa. Nayo ikaleta ramani ya kampuni: meneja juu, na wasaidizi wake chini. Wakurugenzi wa Maendeleo wakapelekwa mikoani na wilayani. Mkuu wa Mkoa akapewa cheo sawa na Waziri, naye alikuwa pia Katibu wa TANU wa mkoa. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zikaondolewa, na baadaye zile za miji. Kamati mpya zilikuwapo, na madiwani waliketi ndani yake, lakini kazi yao ilikuwa kushauri; mpango uliandikwa na watumishi, ukapelekwa juu kukatwa. Basi kilichotoka Dar es Salaam kuja mikoani kilikuwa watumishi. Madaraka yenyewe yalibaki kamba ndefu, na mwisho wake ulishikwa kule kule.

Mlango wa tatu ulikuwa wa mkulima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mashirika ya Serikali yakachukua kazi yake. Hesabuni sasa: chama huru cha wafanyakazi mwaka 1964, halmashauri mwaka 1972, ushirika mwaka 1976. Kwa muda wa miaka 12 mwenye nyundo, mwenye jembe, na wilaya yao wote wawili, kila mmoja alinyang'anywa mahali pa kusemea, kwa jina lake mwenyewe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mfanyakazi alikuwapo katika bendera ya chama, lakini pale bei, mshahara na barabara vilipoamuliwa, hakuwapo.

Nani alithibitisha kwamba lilikuwa kosa? Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1984 alikiri mbele ya watu wa gazeti kwamba kuondoa serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kukiri ni uungwana, nasi twamheshimu kwa hilo. Sharia za kurudisha serikali za mitaa na ushirika zilitungwa mwaka 1982, halmashauri za wilaya zikarudi mwaka 1984, na sharia ya mwaka 1998 ikawapa wafanyakazi tena nafasi ya kuunda vyama vyao wenyewe.

Lakini mlango uliorudishwa si lazima uwe na ufunguo wa zamani. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, wala diwani aliyechaguliwa hawezi kumwondoa. Sharia ya mwaka 1997 ilimpa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, ambao nao huteuliwa, uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, nalo likawa jambo jema kwa maskini, lakini halmashauri ikabaki kungoja mfuko kutoka juu. Na mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukapelekwa kwa TRA. Halmashauri isiyomwajiri mkuu wake wala kuwa na mfuko wake ina sauti, lakini haina mkono.

Vyama vipya vya mrengo huo huo vimeliona jambo hili. ACT-Wazalendo, katika Azimio la Tabora la mwaka 2015, walirudi kwa Azimio la Arusha kutafuta mzizi wao, na mwaka huo huo wakapata Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Mwaka 2016 mji ule uliingia katika mpango wa dunia wa serikali zilizo wazi. Mwaka 2017 nchi ilijitoa katika mpango huo, na ahadi ya mji ikaanguka pamoja na ya nchi. Nia ilikuwapo Ujiji. Ufunguo ulikuwa mahali pengine. Na CHADEMA, ambao hawajiiti wa mrengo huo, wamehubiri majimbo. Nawauliza hao nao: mkimwondoa bwana Dodoma mkamketisha Mbeya, mzee wa Kasesya atakuwa amepata nini, ikiwa huko Mbeya pia hana wa kumwondoa?

Wako watakaosema kwamba halmashauri zenye nguvu zitaivunja nchi kwa ukabila. Hofu hii si ya kudharauliwa. Jirani zetu wengine wameumia. Lakini halmashauri zilirudi mwaka 1984, na Ufipa haikujitenga na Unyiha, wala Uhaya na Usukuma. Mtu haivunji nchi kwa sababu amepewa neno juu ya barabara yake. Huichoka nchi ambayo haimsikii.

Sasa nasema na sisi wenyewe, Mabwana, maana barua hii isingekuwa ya haki kama ingewalaumu wanasiasa peke yao. Madaraka Mikoani hayakuendeshwa na Mwongozo. Yaliendeshwa na kalamu. Vyeo vilipoongezeka mikoani, waliovipata ni watu wa kazi yetu, na nyumba na magari pia. Halmashauri zilipoondolewa, muhtasari wa mkutano wa mwisho uliandikwa na karani kama mimi. Katika alama ya jembe na nyundo kalamu haimo, nasi tumejifariji kwamba basi hatuhusiki. Lakini kalamu ndiyo iliyoandika kila amri "iliyotoka juu". Neno hilo ni kivuli chetu. Twajificha chini yake.

Basi tufanye mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu, ambayo hayamhitaji Waziri. Kwanza, mtu akija na swali, tumwambie jina la ofisi iliyotoa amri, nambari ya waraka, na mahali pa kupeleka malalamiko. Na kama hapana mahali, tuandike katika jalada kwamba hapana. Pili, mapato na matumizi ya kijiji na halmashauri yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili kinachosomeka, wala si kwa tarakimu zilizofungwa kabatini. Tatu, twende katika mikutano ya vyama vyetu vya wafanyakazi, tuulize hesabu ya ada tunayokatwa, tuchague viongozi wanaotuogopa kidogo. Chama kisichoulizwa na wanachama wake kitarudi kuwa NUTA bila hata kutungiwa sharia.

Na chama chochote cha siasa, chenye nyundo au chenye nyota, kikija Ufipa kuahidi madaraka kwa mikoa na heshima kwa mfanyakazi, tusikiulize rangi ya bendera yake. Tukiulize: yule mtakayemleta hapa, nani aweza kumwondoa? Fedha atakazotumia, nani atazihesabu? Na akikosea, mtu aende kwa nani?

Mzee yule wa mahindi sijamwona tena. Siku nitakayomwona nataka niwe na jibu.

Wasalaam,
Karani wa Mpakani,
Kasesya, Ufipa.