Pazia la Sebuleni Halina Fatwa



Hakuna aya wala hadithi iliyotuambia pazia la sebuleni liwe la rangi gani. Sheria imetuhadharisha na israfu, na kujifakharisha, na masanamu, na vyombo vya dhahabu na fedha. Baada ya hapo imenyamaza, na kunyamaza kwake ni rehema, kwani nafasi hiyo ameachiwa mwenye nyumba. Nami nastaajabu kuona nafasi ambayo Mola ameiacha wazi ikijazwa na mawifi, majirani na picha za kwenye simu.

Nimeletewa swali na binti aliyeolewa karibuni, akahamia na mumewe katika fleti ya vyumba viwili huko Tudor. Moyo wake unataka sebule ya kukaa chini: magodoro membamba kandokando ya ukuta, mito, busati, na kasha la nyanyake pembeni. Mawifi zake wamemwambia hayo ni mambo ya kizamani, na kwamba wageni watasema bwana hana uwezo. Wamemchagulia makochi ya kijivu yenye umbo la L, zulia la manyoya, na dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Mume, kwa kutaka amani, yu tayari kukopa. Binti anauliza: "Sheikh, yawezekana mimi ndiye nisiyejua kizuri?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Huyu ni mwanamke mwenye akili timamu, aliyelelewa katika nyumba iliyo safi, na leo ameanza kuyashuku macho yake mwenyewe kwa sababu ya makochi.

Nitamjibu kwa kisa cha Jabir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, kijana wa Kiansari ambaye babake alikufa shahidi Uhud akamwachia dada wengi wa kuwalea. Jabir alipooa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza kama wana anmat, yaani matandiko ya kitambaa chenye manyoya, ya kutandika au kutundika. Jabir akajibu kwamba watayapata wapi watu kama wao. Mtume akamwambia kuwa siku itafika watakuwa nayo. Siku ikafika. Mkewe akaweka anmat nyumbani, na Jabir, aliyezoea maisha makavu, akawa anamwambia ayaondoe. Mke akamjibu kwa maneno ya Mtume yaleyale: je, hakutuambia kuwa tutakuwa nayo? Jabir akanyamaza, akayaacha.

Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na sioni kikisomwa sana kwenye mihadhara ya ndoa. Jabir ni mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi. Hakukosa elimu ya kumshinda mkewe kwa hoja lau angetaka. Lakini jambo lilikuwa halali, mke alilipenda, na nyumba ilikuwa yake pia. Ikatosha.

Katika Sahihi Muslim, mlango unaofuata mara tu baada ya huo una hadithi ya vitanda: kimoja cha mume, kimoja cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa ajili ya kuonekana. Basi, binti yangu, vipime vitu vyako kwa mizani hiyo. Magodoro yako yatakaliwa. Kasha litahifadhi nguo. Je, taa za rangi darini ni za nani kati ya hao watatu wa mwanzo?

Wapo watakaonikumbusha hadithi ya Wabisa, ya mtu kuutaka moyo wake fatwa. Hiyo ilikuja katika kujua wema na dhambi, na haifai kuivuta mpaka kwenye rangi za mito. Kwa mito hatuhitaji dalili. Tunahitaji macho, na haya ya kutowaiga watu katika kila kitu.

Na hilo la "mambo ya kizamani" lina makosa yake. Wazee wetu wa Lamu walijenga vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuwa ndefu. Urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba, mita tatu hivi au pungufu. Wakajua kuwa sakafu ya chumba kama hicho haistahimili msongamano. Pambo wakalipandisha ukutani, wakachonga zidaka katika chokaa, na ndani yake wakapanga bakuli za Kichina, na chini wakatandika mikeka. Sebule nyingi za fleti za leo mjini Mombasa hazijaizidi sana ile misana kwa upana. Ukiingiza kochi la umbo la L, aendaye jikoni hupita upandeupande kama kaa. Kwa hivyo jicho la binti huyu halikurudi nyuma. Limeona ukubwa wa chumba kabla ya kuona bei. Lakini simlazimishi mtu Lamu. Anayeyapenda makochi ya kijivu kwa dhati, na fedha anazo, ayanunue kwa jina la Allah. Ajue tu kwamba kwa joto letu la unyevunyevu ngozi ya bandia huambuka mapema.

Kwa asiyejua anapenda nini, namshauri asinunue kitu kikubwa katika mwezi wa kwanza. Atandike mkeka na godoro, aishi. Atazame jua la alasiri linaangukia wapi, na upepo unaingilia dirisha gani, maana kaskazi ya Disemba hadi Machi haiji kwa njia moja na kusi. Atafute upande wa Kibla, ambao kutoka Mombasa ni karibu kaskazini barabara, auache huo bila kabati ili pawe na pa kusalia. Kisha ajichunguze anakaa pembe gani pasipokuwa na mgeni. Duka halitamwambia hayo, wala wifi.

Ama mkopo, hapo sina ulaini. Ukiwa na riba ni haramu, na usio na riba pia ni mzigo. Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama marehemu ana deni. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba nyumba zetu amezifanya kuwa mahali pa utulivu, na kwamba vyombo vyake ni starehe ya muda. Mume anayelala akihesabu siku za malipo ya makochi ameupata wapi huo utulivu? Mwambie kwa upole, mkiwa wawili, kuwa amani aliyotaka kuinunua wewe unampa bure. Na kama naye ana kitu akipendacho, hata kama ni runinga kubwa kuliko ukuta, mshauriane. Nyumba si ya mke peke yake.

Mawifi usiwajibu kwa maneno. Waalike. Chetezo kiwe kimewashwa udi, chai ya tangawizi tayari, na mahamri na mbaazi yaletwe kwenye sinia. Ila mavyaa wako umenieleza kuwa ana maumivu ya magoti, na mzee hashushwi chini akashindwa kuinuka mbele ya watu. Weka viti viwili vyenye mgongo na mikono karibu na mlango. Seremala wa mtaani atakutengenezea, umlipe kidogo kidogo kabla hajavimaliza.

Wabillahi taufiki.