Mawe ya Tochi Hayafai Kamera

Katika nyumba nyingi kamera ya dijitali hutolewa kabatini mara chache kwa mwaka: siku ya harusi, siku ya maulidi au ya ubatizo, siku mtoto anapohitimu masomo. Asubuhi hiyo betri nne mpya hununuliwa duka la jirani, kamera huwashwa, picha sita au saba hupigwa, kisha kioo cha nyuma huonyesha kwamba betri zimekwisha. Bibi harusi hajatoka bado. Mwenye kamera humlaumu muuza duka kwa kuuza bidhaa iliyolala. Pengine ni kweli, lakini aghalabu betri hizo ni nzima, na zikitiwa katika redio zitaimba kwa siku nyingi.

Redio ndogo hunywa umeme kidogo kidogo, kamera huugugumia. Mota ya kusogeza lenzi, kioo cha nyuma na hasa flashi, ambayo hujazwa upya kila inapowaka, vyote huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, wakati mwingine kupita ampea moja. Kila betri ina ukinzani ndani yake, na mkondo mkubwa unapopita, volti zake hushuka. Kamera ya betri za AA haina njia ya kujua ni akiba gani iliyosalia. Hutazama volti tu. Zikipungua kuliko kiwango chake hujizima, ingawa umeme uliobaki ungetosha kuendesha saa ya ukutani kwa miezi mingi.

Kwa hiyo, dukani yafaa mnunuzi aache kutazama rangi ya ganda na asome herufi ndogo zilizochapwa juu yake. Kwa betri za AA, alama ya R6 isiyo na herufi nyingine mbele yake ni ya zinki na kaboni, uzao wa betri aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Hayo ndiyo mawe ya tochi ya kila siku: bei nafuu, mazuri kwa rimoti na saa, na katika kamera hayana kazi. LR6 ni alkalini. Hiyo ina nguvu zaidi na kwa dharura itapiga picha kadhaa, ila ikivutwa kwa pupa ya kamera hutoa sehemu tu ya umeme wake, kisha hutupwa. HR6 ni betri ya nikeli ya kuchaji, ambayo pia huandikwa NiMH. FR6 ni ya lithiamu.

HR6 huwatia wanunuzi mashaka kwa sababu huandikwa volti 1.2, ilhali alkalini huandikwa 1.5. Wengi huiona dhaifu na kuirudisha rafuni. Lakini alkalini huanza na 1.5 na kuteremka tangu picha ya kwanza, ilhali HR6 hukaa karibu na 1.2 yake mpaka inapokaribia kwisha, hata inapovutwa kwa nguvu. Hiyo ndiyo sababu kamera huipenda. Bei yake pamoja na chaja ni kubwa kwa siku moja, lakini betri hizo huchajiwa mara mamia. Nambari iliyo mbele ya mAh huonyesha ujazo: 2000 ni ya kuaminika, 2500 ni nzuri, na anayeuza AA ya nikeli yenye 4000 anauza wino.

Zipo HR6 za namna mbili, na hapa mwenye kamera ya kabatini awe macho. Za zamani huvuja chaji zenyewe. Baada ya miezi michache ndani ya droo huwa tupu, na joto la pwani huzidisha hasara hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, ambayo huhifadhi sehemu kubwa ya chaji yake hata baada ya mwaka mzima, na viwanda vingine vikafuata. Huuzwa zikiwa zimekwisha kuchajiwa kiwandani, na pakiti husema hivyo. Kwa nyumba ya kawaida hakuna chaguo bora zaidi ya hizi.

FR6 ni ghali mno kwa sherehe za mtaani, na haichajiwi. Mahali pake ni mlimani. Ina uzito wa gramu 15 hivi, ambapo alkalini hufika 23, na baridi kali ya kilele cha Kilimanjaro au Rwenzori, inayozilegeza alkalini, haiisumbui.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni zimeachana na AA na hutumia betri bapa ya lithiamu yenye chaja yake. Mwenye nayo anunue ya pili mapema, kabla modeli hiyo haijatoweka madukani.

Betri za HR6 zikae kwa seti, zichajiwe pamoja na kutumiwa pamoja, maana moja iliyochoka huziangusha nyingine tatu. R6 na LR6 zisitiwe kamwe katika chaja. Huvuja, na huweza kupasuka. Desturi ya kuanika betri juani huamsha uhai kidogo katika mawe ya redio. Kwa kamera ni kazi bure, na HR6 huharibika kwa joto.

Kamera inayorudi kabatini kwa miezi itolewe betri. Alkalini iliyosahauliwa ndani hutoa unga mweupe unaokula vyuma. Ukionekana mapema, hufutwa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kidogo katika siki au maji ya ndimu, kisha pamba yenye maji machache, na mlango wa betri huachwa wazi hadi pakauke kabisa. Unga huo usiguswe kwa vidole vitupu, na watoto wawekwe mbali.